Kiinua Mgongo cha Punda

Waswahili tuna methali mbili maarufu juu ya punda. Moja yasema, punda afe mzigo ufike. Nyingine yasema, shukrani ya punda ni mateke. Nilizifundisha zote mbili kwa miaka mingi, maana mimi ni zao la chuo cha ualimu, na nilishika chaki mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Ya kwanza tuliieleza kuwa yahimiza kujitolea, na ya pili kuwa yaonya dhidi ya utovu wa fadhila. Hakuna kitabu cha kiada nilichopata kukisoma kilichomwuliza punda maoni yake.

Leo nataka kuuzungumzia upande huo. Mwaka 2024 ukoo wetu hapa Shangani, Mtwara, ulilazimika kuamua juu ya punda aliyechechemea asipone: aendelee kutibiwa arudi kazini, apumzishwe moja kwa moja, au maisha yake yakomeshwe. Pengine msomaji ataona kuwa ni jambo dogo. Kwa nyumba inayokula kwa miguu minne ya mnyama, si dogo hata kidogo.

Punda si mnyama wa pwani yetu ya kusini kama alivyo mnyama wa Lamu, au wa Dodoma na Singida. Hapa kwetu akipita barabarani watoto bado humfuata. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alipowaleta wawili kwa lori kutoka Dodoma, dume aliyehasiwa na jike, mtaa ulitoka kutazama. Dume akapewa jina la Mgeni, na jike, kwa utani, Mwenyeji. Miaka ikapita, na hao wawili wakawa sehemu ya Shangani. Walivuta mkokoteni wa madumu ya maji siku bomba lisipotoa, walivuta mchanga na matofali, walivuta mifuko ya saruji, na msimu wa korosho walivuta magunia. Kwa kazi hiyo mpwa wangu alijenga vyumba viwili, akasomesha watoto, na binti yake mkubwa akaingia chuo cha ualimu. Hilo la mwisho lilinifurahisha kwa namna ya pekee.

Sisi Wamakonde ukoo huuhesabu kwa mama, na kwa desturi neno la mjomba lina uzito. Ndiyo maana mpwa wangu hakuamua peke yake. Alikuja jioni, akaketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za nyumbani?"

"Njema, ila Mgeni anachechemea tena. Safari hii haponi. Na kuna mtu anamtaka. Nimekuja unipe neno."

Sikumpa neno usiku ule. Mwalimu hatoi alama kabla ya kusoma karatasi. Kesho yake asubuhi tulikwenda kumtazama mnyama akitembea kwenye barabara ngumu, maana juu ya mchanga ulegevu wa hatua hufichika. Mnyama mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga, na kukishusha pale mguu mzima unapopokea uzito. Mgeni alikuwa akiinua kichwa kila alipokanyaga kwa mguu wa mbele wa kushoto. Si ajabu kwamba maumivu yalikaa mbele: miguu ya mbele ya wanyama wa jamii hii hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili, kabla hata hujawafunga mkokoteni.

Tulimwita bwana mifugo. Alikuja na kisu cha kwato na tupa, akauinua mguu, akaugonga ukwato, akaukunja kwa upole na kuuachia. Akatuonyesha uvimbe mgumu juu kidogo ya ukwato, ulioota pande mbili kama pete. Akasema jipu ndani ya ukwato lingekuwa habari njema, kwa sababu jipu hukamuliwa likapona. Huu ulikuwa mfupa uliojiotea kwenye kiungo kilichochakaa. Kiungo cha namna hiyo hakirudi kuwa kipya. Akaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: punda ni hodari wa kuficha maumivu. Asili yake ni wanyama wa mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika, na mnyama wa mwitu anayeonyesha udhaifu huliwa. Binadamu alianza kumfuga punda yapata miaka 7,000 iliyopita, lakini desturi hiyo hajaiacha. Kwa hiyo ukimwona punda anachechemea waziwazi, elewa kwamba ameumwa tangu zamani. Punda haombi ruhusa ya kwenda zahanati.

Bwana mifugo akampunguza kwato, zikae sawa na kuondoa mvuto kwenye kiungo. Akatuandikia dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni, ambayo wafuga farasi wameitumia kwa miaka mingi. Akatutahadharisha kwamba kipimo cha farasi si cha punda, kwa kuwa dawa hiyo hutoka mwilini mwa punda upesi zaidi, na kwamba ikitumiwa mfululizo kwa muda mrefu yaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hapo mpwa wangu akauliza swali ambalo kila mtu mwenye shida angeliuliza. "Basi kwa nini nisimpe dawa asubuhi, akafanya kazi, jioni akapumzika?" Bwana mifugo akakataa katakata. Akaeleza kuwa maumivu ndiyo yanayomzuia mnyama asikitwange kiungo kibovu. Ukiyanyamazisha ili avute saruji, kiungo kitasagika huku mnyama akionekana mzima. Nami nilimweleza mpwa wangu kwa lugha ya darasani: ni sawa na kumpa mwanafunzi majibu ya mtihani. Alama zitapanda, lakini hesabu hajajua, na siku moja itafika ya kuzifanya peke yake.

Nikampa mpwa wangu daftari la kurasa 64. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine, amtembeze Mgeni hatua 20 barabarani na aandike alama moja. Sifuri ikiwa anatembea sawa. Moja ikiwa kichwa kinainuka kidogo. Mbili ikiwa kinainuka kila hatua. Tatu ikiwa hataki kukanyaga. Tulikubaliana majuma manane. Nilitaka tuamue kwa kumbukumbu, kwa sababu mtu mwenye mahitaji huona anachotaka kuona. Siku akiwa na ada ya kulipa, mnyama huonekana amepona. Siku mnunuzi akija na fedha mkononi, mnyama huonekana mahututi.

Majuma manne ya kwanza yalikuwa ya mapumziko na dawa, kisha mapumziko bila dawa. Alama zilishuka kutoka mbili hadi moja, na siku chache zikawa sifuri. Juma la tano na la sita alifungwa kwenye mkokoteni mtupu kwa mwendo mfupi wa asubuhi. Siku ya pili tu alama ilirudi mbili, na haikushuka. Akapumzishwa tena majuma mawili. Ikakaa kwenye moja. Daftari likawa limesema: Mgeni hatakuwa mfanyakazi tena, lakini akiwa huru maumivu yake ni madogo. Anakula vizuri, anamfuata mwenzake, na jioni hugaagaa mchangani kwa raha zake kisha akainuka mwenyewe.

Tukabaki na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa yule aliyemtaka. Hakusema anamtakia nini, naye mpwa wangu hakuuliza, lakini sisi si watoto. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayotumika katika dawa za jadi za China, na uhitaji wake umewamaliza punda katika sehemu nyingi za Afrika. Kenya ilikuwa na machinjio manne ya punda, na wizi wa punda ukaenea mpaka wenyewe wakaandamana. Hapa Tanzania machinjio yalikuwa Dodoma na Shinyanga, na Serikali iliipiga marufuku biashara hiyo. Februari 2024, miezi michache kabla ya mtu wetu kubisha hodi, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, punda mwenye kiungo kibovu angesafirishwa kwa lori mamia ya kilometa akiwa amesimama. Hilo sikulitaka, na mpwa wangu, nilipomweleza, naye hakulitaka.

Njia ya pili ilikuwa sindano ya mwisho. Wapo wanaoona haya hata kuitaja. Mimi sioni hivyo. Mnyama asiyekanyaga, asiyelala akainuka, asiyepata nafuu kwa dawa wala kwa mapumziko, kumwacha aendelee ni kumtesa kwa kisingizio cha huruma. Bwana mifugo alisema hivyo hivyo. Ila Mgeni hakuwa amefika huko, na kumwua mnyama anayegaagaa kwa raha kwa sababu tu havuti tena mkokoteni ni kusema kwamba uhai wake wote ulikuwa mkokoteni.

Ikabaki ya tatu, kumpumzisha. Nilidhani kikao kimekwisha. Ndipo mke wa mpwa wangu, aliyekuwa kimya pembeni akipepeta mchele, aliposema: "Baba, niwie radhi. Mkimpumzisha Mgeni bila kusema nani atabeba, mmeshanipangia kazi mimi."

Neno lile lilinipeleka mbali, mpaka kwenye historia ya pwani hii niliyokuwa nikiifundisha. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, kilometa chache kutoka hapa, akaanza safari yake ya mwisho kufuata bonde la Ruvuma. Alikuja na ngamia, punda, nyumbu, na nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, akitaka kujua kama wangeweza kuvumilia mbung'o, yule nzi aenezaye nagana, malale ya mifugo. Wanyama waliumwa na mbung'o, lakini pia walipigwa na kubebeshwa kupita kiasi na askari waliowachunga, hata jaribio likavurugika. Wengi walikufa njiani. Mizigo haikufa nao, ilihamia vichwani mwa watu.

Miaka 50 baadaye ikawa hivyo tena kwa kipimo cha kutisha. Mwaka 1916 farasi wa jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walikufa kwa wingi kwenye mwendo wa Kondoa, kwa maradhi na uchovu. Vita vilipoteremka huku kusini mwaka 1917, mpaka mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba na von Lettow-Vorbeck kuvuka Ruvuma mwezi Novemba, mnyama wa mzigo alikuwa binadamu. Waingereza na Wajerumani walichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutoka hapo tukapata jina Kariakoo. Kila tunapokwenda sokoni Dar es Salaam tunalitamka jina la watu waliobeba mzigo baada ya wanyama kuanguka.

Mke wa mpwa wangu hakuwataja Livingstone wala van Deventer, lakini alilijua jambo lenyewe. Mzigo haustaafu punda anapostaafu. Hutafuta mgongo mwingine, na kwa kawaida hauutafuti mbali: huenda kwa mwanamke, kwa mtoto, au kwa punda aliyebaki. Tungempumzisha Mgeni na kumwacha Mwenyeji avute peke yake mkokoteni wa punda wawili, baada ya miaka miwili tungeketi tena kwenye mkeka ule ule tukijadili mguu wa Mwenyeji. Huruma ya namna hiyo ni kuhamisha maumivu tu.

Kwa hiyo tulikaa upya, safari hii naye akiwa mjumbe kamili wa kikao. Fundi aliufupisha mkokoteni ukawa wa punda mmoja, na uzito ukapunguzwa nusu. Mwenyeji akabakiwa na maji, kwa saa za asubuhi na kwa mitaa ya karibu. Saruji, mchanga na matofali tukaviondoa kabisa; mpwa wangu huchukua oda za wateja wake wa zamani, humkodi jirani mwenye guta, na hupata chake kidogo katikati. Ada ya binti tukaifanya mchango wa ukoo: mimi nikatoa kwenye pensheni yangu, na wajomba wengine wawili wakatoa. Sitaficha gharama yake. Kipato cha nyumba ile kilipungua, na chumba cha tatu kilichokuwa kimefika kwenye linta kimesimama pale pale hadi leo. Lakini binti hakukatizwa masomo, na hakuna ndoo ya ziada iliyopanda kichwani kwa mama yake.

Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja wa Lamu, mji ambao punda ndiye gari lake, na ambao una zahanati ya punda tangu mwaka 1987. Nilimweleza kwamba tunafikiria kumpeleka Mgeni shambani, mbali na mji. Akanikatiza. "Mwalimu, usimtenge na mwenzake." Punda waliozoeana, akasema, hushikamana kama mapacha, akitengwa mmoja huweza kugoma kula, na punda aliyegoma kula mafuta ya mwili wake huyeyuka na kuijaza damu, akafa kwa siku chache. Basi Mgeni akabaki Shangani, chini ya kibanda cha makuti, maana manyoya ya punda hayazuii mvua, na kwato zake hulainika na kuoza kwenye matope. Asubuhi humsindikiza mwenzake kwa macho, na adhuhuri humpokea kwa mlio unaosikika mpaka baharini.

Watu hudhani kumpumzisha mnyama ni kumfungulia kamba tu. La hasha. Kwato za Mgeni hazisagiki tena barabarani, kwa hiyo lazima zipunguzwe kila baada ya majuma sita hadi manane. Pumba lazima zipimwe, kwa sababu punda asiyefanya kazi hunenepa upesi, na unene humletea maradhi ya kwato yaliyo mabaya kuliko yale ya kwanza. Lazima atazamwe kila siku. Mapumziko ni matibabu, nayo yana gharama na ratiba yake.

Neno tunalolitumia kwa malipo ya mstaafu ni kiinua mgongo. Kwa mtumishi wa umma, anayeweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, neno hilo limekuwa jina la fedha. Nimehudhuria sherehe nyingi za kuwaaga walimu: hotuba ndefu, saa ya ukutani, godoro, makofi. Baada ya hapo wengine hakuna aliyewabishia hodi tena. Na kazi yao shuleni? Mara nyingi ilikabidhiwa mwalimu aliyebaki, juu ya vipindi vyake. Kumbe kiinua mgongo, kwa maana yake ya asili, ni mgongo kuinuka kweli, bila mgongo wa jirani kuinama kwa ajili hiyo. Kwa Mgeni tulijitahidi kuitimiza maana hiyo, nami nakiri kwamba kwa binadamu ni vigumu zaidi.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari tuliandika mambo matatu, tukayasoma kwa sauti mbele ya bwana mifugo. Siku Mgeni atakapoacha kula, au atakaposhindwa kulala na kuinuka mwenyewe, au atakapopata alama tatu kwa siku saba mfululizo bila nafuu ya dawa, ataitwa daktari, naye hatarudi na jibu la "tungoje kidogo". Tuliyaandika wakati mnyama ana nafuu na sisi tuna utulivu, kwa makusudi. Uamuzi wa namna hii ukisubiri siku ya dhiki, huamuliwa na dhiki.

Siku hiyo haijafika. Misimu ya mvua imepita, na alama kwenye daftari bado ni moja, mara chache mbili baridi ikizidi. Mpwa wangu ameanza daftari la pili, na ndani yake, bila kuagizwa na mtu, ametenga safu mbili: moja ya Mgeni, na nyingine ya Mwenyeji. Ndugu msomaji, ikiwa nawe unaye mnyama aliyekubebea maisha na sasa anachechemea, mtazame kwanza akitembea kwenye ardhi ngumu, uandike unachokiona. Kisha, kabla hujatamka neno la kumpumzisha, mwite yule atakayebaki na mzigo, umketishe kwenye mkeka, na umsikilize.